Mafuta ya Waridi Kwenye Mizinga ya Rungwa

Kila anayeingia dukani kwangu siku hizi anauliza kwanza habari ya makovu ya uso wangu, halafu ndiyo anauliza bei ya misumari. Wengine wamesikia nilipigwa na wezi. Jirani yangu mmoja anawaambia watu ni pombe, na ananijua tangu nikiwa mtoto. Nimesimulia mpaka nimechoka, na kila nikisimulia naruka pale panaponiaibisha. Kwa hiyo naandika yote, pamoja na aibu yake, mpokezane daftari hili, na atakayemaliza mwisho alirudishe.

Kwa wale watakaosoma bila kunijua: mimi ni Obedi, nauza vifaa vya ujenzi hapa Mandewa, Singida. Kanisani kwetu nilikuwa mzee wa kanisa. Kiongozi wetu anaitwa Mtume. Nani alimtuma, hatukuwahi kuuliza. Mbele kabisa, karibu na madhabahu, kuna viti sita vyenye mito myekundu, vya waumini ambao Mungu amewabariki kwa namna inayoonekana. Mimi kwa miaka mingi nimekaa safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki, nikiangalia visogo vyao.

Nina mdogo wangu mmoja, Lameki. Lameki akiimba, hata mtu aliyekuja kanisani kumtafuta mkewe anakaa chini. Alikwenda Rungwa kuinjilisha kwa wiki moja. Wiki hiyo sasa ina miaka minne. Watu wakiniuliza harusini yuko wapi, nilikuwa nasema yuko kwenye utumishi, halafu naulizia pilau. Nilimwonea aibu, nisiwadanganye.

Ndipo Mtume akaniita ofisini. Alitaka Lameki aje kuongoza kwaya. Nyumba ipo, gari lipo, vyombo vipya vya muziki vimeshaagizwa.

"Mlete kabla mwezi haujaisha," akasema. "Na wewe, Mzee Obedi, kuna kiti mbele kinakusubiri."

Akanipa chupa ya mafuta ya kibali. Yananukia waridi kwa nguvu kiasi kwamba mke wangu alifungua madirisha yote.

"Paka kila kitu kinachotakiwa kufanikiwa," Mtume akaniagiza.

Nikaanza na viatu.

Mtinko, ambako siko nilikokuwa nakwenda

Rungwa iko kusini, Mtinko iko kaskazini. Lakini katika ukoo wetu hakuna anayekwenda kumwona Lameki bila kupita kwa mama, kwa hiyo safari yangu ya kusini ilianza kwa kwenda kaskazini. Nilikuwa nimevaa suti ya bluu, ile ya send-off ya Upendo binti yangu. Nilitaka Lameki akiniona tu aone tofauti.

Mama alinipa ugali wa uwele na mlenda, akanitazama nikila huku nimeinua tai isiingie kwenye bakuli.

"Unanuka nini?" akauliza kwa Kinyaturu.

"Ni mafuta ya kibali, mama. Ya kanisani."

Aliinuka, akarudi na tetea mweusi kwenye kikapu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Mpelekee mdogo wako. Ni wa kutaga. Mwambie asimchinje."

"Mama, mimi nina suti."

"Kuku hataivaa."

Nilipomuaga, alinishika mkono. "Unakwenda kumwona, au unakwenda kumchukua?"

Nikasema kumwona. Aliangalia suti yangu kuanzia kola mpaka pindo, akasema haya. Mtu mzima mwenye wajukuu, nilimdanganya mama yangu mlangoni kwake na kuku wake mkononi.

Itigi, ambako nilijulikana

Kwenye basi la Manyoni nilipaka mafuta kidogo kwenye kioo, tusafiri salama na tufike mapema. Tulikaa Manyoni stendi saa tatu nzima tukitafutiwa mkanda wa feni. Kondakta alitaka kuku aende kwenye buti. Mama mmoja akamwambia kuku wa Singida ana heshima kuliko yeye, basi zima likaunga mkono, kuku akabaki mapajani kwangu. Alinijulisha shukrani zake kwenye suruali.

Tulipofika Itigi, gari la kwenda Rungwa lilikuwa limeondoka asubuhi. Nikaingia kwa mama ntilie karibu na stendi, nikaagiza wali na maharage, nikaweka kuku chini na chupa yangu mezani. Yule mama aliangalia kuku, akaangalia chupa, akaangalia suti. Aliponiletea chakula aliinama.

"Baba, unakwenda kwa yule wa Rungwa?"

Nilishtuka kwa furaha. "Ndiyo! Kumbe unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu? Anasaidia sana watu. Hasa nyie wa biashara."

Nikajisemea, ona, huyu mtoto ana jina mpaka huku, Mtume ana jicho. "Watu wanamwendea wengi?" nikauliza.

"Wengi mno. Wengine na magari yao." Akashusha sauti. "Huyo kuku mweusi, ni yeye aliyesema umletee?"

"Hapana, huyu katoka kwa mama."

"Yesu!" akasema yule mama, akarudi jikoni haraka. Hakutaka hata kuchukua bilauri yangu mkononi. Aliniambia niiache tu hapo mezani.

Lori la chumvi

Asubuhi nilipata lifti kwenye lori lililobeba chumvi na sabuni. Dereva ni mzee mmoja aitwaye Shabani, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti cha mbele. Kuku tulimweka katikati yetu.

Tulipopita Mitundu alianza maneno taratibu.

"Usione haya, mdogo wangu. Nimebeba wengi kama wewe. Wafanyabiashara, mpaka wanasiasa."

"Kwenda kanisani?"

"Kwa mganga."

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama wa Itigi. Nikaruka kwenye kiti mpaka kuku akapiga kelele. Nikamweleza Mzee Shabani kwa ukali kwamba mimi ni mzee wa kanisa, nimeokoka, na yule ninayemfuata ni mdogo wangu, mwinjilisti.

"Na hiyo chupa?"

"Ni mafuta yaliyoombewa. Ya kibali."

"Unapaka wapi?"

"Mlango wa duka. Simu. Viatu."

"Ili iweje?"

"Ili biashara ikubali."

"Kwani sasa haikubali?"

"Inakubali. Ila ikubali zaidi."

Mzee Shabani alibadilisha gia. "Wote wanasema hivyo hivyo," akasema, halafu akaniomba radhi kwa kunidhania vibaya. Nilinuna kilomita nyingi.

Kuanzia hapo ndorobo waliingia. Hao ni mbung'o, na wana sindano inayopita kwenye koti. Walimwacha Mzee Shabani na shati lake la kaki, wakanijia mimi wote.

"Ni bluu hiyo," akaniambia. "Wanaipenda bluu kufa. Hakuna aliyekwambia?"

Nikavua koti. Suruali nayo ilikuwa bluu.

Mbele ya Mwamagembe tairi lilipasuka, na la akiba nalo halikuwa zima. Tulikaa pale tangu saa sita mpaka jua likapoa, tukimsubiri mtu wa pikipiki tuliyemtuma arudi na kiraka. Mimi nilizunguka lori, nikapiga simu isiyo na mtandao, nikapaka mafuta kwenye tairi. Mzee Shabani alitandika mkeka, akaswali, akachemsha chai kwa kuni, akatoa viazi vitamu. Katikati ya hayo kuku wa mama akataga. Tulilichemsha yai humo humo kwenye maji ya chai, tukagawana nusu kwa nusu na chumvi ya watu. Nimekula kwenye hoteli za Dodoma, lakini yai lile sijalisahau.

Rungwa

Lameki alikuwa amekonda. Alivaa katambuga za tairi na shati ambalo nilimpa mimi mwenyewe miaka hiyo, kola imegeuzwa. Alinikumbatia, akapiga chafya kwa sababu ya waridi, akamchukua kuku kwa mikono miwili.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema usimchinje."

Kanisa lao ni la matofali ya kuchoma, bati zimefika nusu, nusu iliyobaki ni nyasi. Kwaya ina watu tisa, na mmoja wao hasikii. Nilihesabu haraka nikapata hasara.

Jioni ile ile nilimwaga yote: nyumba, gari, vyombo vipya. Habari ya kiti changu niliiruka. Lameki alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo bila dharau.

"Nitakujibu Jumapili, kaka. Kesho twende nikuonyeshe mizinga."

Watu wa pale ni wakulima na warina asali. Kila kaya ya kanisa huchonga mzinga mmoja wa gogo, inauchoma alama ya msalaba kwa chuma cha moto, inautundika kwenye miti nyuma ya kanisa. Huo ni mzinga wa sadaka. Nyuki wakiingia, asali ni ya kanisa, na ndiyo iliyonunua zile bati. Mama Sesilia, mjane ambaye ndiye mzee wa kanisa wao, alinizungusha. Mizinga ilikuwa kumi na mmoja. Minne ilikuwa na nyuki, saba mitupu.

"Shikamoo mama. Sasa hii mitupu mnaifanyaje ili nyuki waingie?"

"Marahaba. Tunapaka nta kidogo ndani, tunaitundika."

"Halafu?"

"Halafu tunaondoka."

"Na wasipoingia?"

"Basi, hawajaingia."

Nilimwangalia kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamuuliza kama wenye mizinga mitupu hawaoni aibu mbele ya wenzao, akasema aibu ya nini, nyuki si ng'ombe kwamba utawaswaga. Akanikatia kipande cha sega lenye majana, watoto wa nyuki, weupe na laini. Nilikitafuna nimefumba macho. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo liliniudhi.

Ijumaa mchana

Sasa ndiyo ile sehemu ninayoirukaga.

Ijumaa Lameki alikwenda kumwona mgonjwa, Mama Sesilia akaenda shambani. Nilibaki peke yangu na chupa. Nikawaza hivi: huyu kijana ameridhika na kidogo kwa sababu hajaona kikubwa. Mizinga saba ikijaa kwa mpigo atajua nguvu ya mafuta iko wapi, na tutaondoka wote. Paka kila kitu kinachotakiwa kufanikiwa. Nikachukua ngazi.

Ile saba niliipaka vizuri, mlangoni na ndani, nikiomba kwa sauti. Mafuta yalikuwa yamebaki. Mtu mwenye akili angeshuka akaenda kulala. Mimi nikasema hata hii yenye nyuki si vibaya ikaongezewa. Wa kwanza niliupaka kwa mbali, kwa kijiti. Wa pili nikapaka kwa kidole.

Warina asali wa Rungwa wakitaka kwenda mzingani hawaogi hata kwa sabuni ya harufu. Mtoto mdogo wa pale analijua hilo. Mimi nilikuwa nanukia kuanzia viatuni.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka nikikimbia na suti kuelekea kisimani, nikipiga kelele jina la Yesu kwa maana yake kamili, na wanawake waliokuwa wakichota maji wakiacha ndoo.

Mama Sesilia ndiye aliyenitoa miiba usoni, mmoja mmoja, kwa ncha ya kisu. Jicho moja lilikuwa limefumba. Lameki alikuja akasimama mlangoni.

"Ulikuwa unafanya nini kule, kaka?"

"Nilikuwa napita tu."

Mama Sesilia alivuta pumzi kwa pua, taratibu, akaendelea na kazi yake.

Jumapili

Kwenye matangazo Mama Sesilia alisimama na kitambaa chake kichwani. Alisema nyuki wa mizinga miwili ya sadaka wamehama. Alisema mitupu saba haitegemewi kupata kitu msimu huu. Alisema bati za upande wa pili zitasubiri, na tunamshukuru Mungu kwa nyasi. Watu wakaitikia amina. Jua liliingia kwenye matundu ya zile nyasi, likamwangukia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Nilikuwa nimekaa mbele. Walinipa kiti cha wageni, kwa taarifa yenu, na kilikuwa na mto. Na nilikuwa nanukia. Suti nilishaifua, nimejisugua kwa majivu, bado waridi lilijaa kanisa zima. Hakuna aliyegeuka kuniangalia, hata watoto.

Lameki alihubiri kwa ufupi, akauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Kawaida mhubiri akikuta kimya anaendelea. Yeye hakuendelea. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono magotini. Na wao wote wakakaa, hawana haraka, hakuna aliyekohoa.

Sijawahi kuogopa namna ile. Ningeweza kunyamaza, gari lilikuwa linapita kesho yake. Lakini nilimwangalia yule mama mwenye mtoto, nikasimama bila kujua nitasema nini.

Nikasema ni mimi. Nikasema nimepaka mafuta mizinga yenu ili nimwonyeshe mdogo wangu mafanikio, nimchukue. Nikasema nilimdanganya mama. Nikasema habari ya kiti na mto mwekundu, na hapo mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia akacheka. Nililia, jicho moja wazi na moja limefumba, mbele ya watu niliokuwa nimewahesabu kama hasara.

Mama Sesilia alinyanyuka.

"Tulijua tangu Ijumaa, baba. Kisima chenyewe mpaka leo kinanukia."

"Sasa kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikutundika," akasema, "tukangoja."

Hapo kanisa zima likacheka, na yule asiyesikia akacheka kwa sababu wenzake wanacheka, na mimi nikacheka na midomo iliyovimba. Adhabu waliyonipa ni kuchonga mzinga mmoja kwa mkono wangu.

Baada ya ibada Lameki alinijibu kama alivyoahidi.

"Kule nilikuwa nikiimba najisikiliza, kaka. Nachungulia nani analia. Hapa nikimaliza kuimba watu wanakwenda shamba."

"Lakini kesho yako je? Ukiugua? Ukizeeka?"

"Sijui. Na kule nako nisingejua, ila gari lingenisahaulisha hilo." Akanigusa bega. "Mungu ndiye anayejua, na mpaka leo hajaniacha. Siendi, kaka. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Nilimwonea wivu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwonea wivu mtu mwenye katambuga.

Kurudi

Nilichonga siku mbili kwa tezo, mikono ikatoka malengelenge. Mzinga wangu ulikuwa umepinda na mdomo wake mkubwa kupita kiasi. Mama Sesilia aliugeuza geuza, akasema Mungu ameona mibaya zaidi. Nikauchoma msalaba, nikautundika, nikaondoka. Hiyo ya kuondoka ndiyo ilikuwa ngumu. Niligeuka mara tatu.

Mzee Shabani alinichukua na lori tupu.

"Vipi, mganga amekusaidia?"

"Amenisaidia," nikasema, akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Mtinko mama alinipokea na maziwa ya mgando. Alitazama nyuma yangu, akaona niko peke yangu.

"Umemwacha."

"Nimemwacha. Nilikudanganya, mama, nilikwenda kumchukua."

"Nilijua."

"Mbona hukunizuia?"

"Ningekuzuia, ungekwenda kumwona?" Akaniongezea maziwa.

Kanisani mengine mliyaona wenyewe. Mtume aliniita mbele nitoe ushuhuda, akiwa hajaniuliza kwanza ni ushuhuda gani. Nilifika kwenye kipaza sauti, nikasema mafuta yanafanya kazi kweli, yamefukuza nyuki wa mizinga miwili. Hapo fundi mitambo akagundua ghafla kwamba kuna hitilafu. Kiti chenye mto kinakaliwa sasa na mwenye mashine ya kukamua alizeti, na visogo bado ni sita. Mimi sijahama safu ya tatu. Watu wanasema nimeshushwa, lakini naimba vizuri kuliko zamani, kwa sababu siangalii mbele sana.

Chupa niliitupa. Niliomba bila mafuta, maneno machache, kwamba bati za Rungwa zipatikane kwa namna Mungu atakayoona. Nilitaka kupeleka bati za dukani kwangu. Lameki akasema lete, asante, tutapokea, ila mzinga wako usiushushe.

Kwa hiyo kila Jumamosi, mtandao ukikubali, nampigia.

"Wameingia?"

"Bado, kaka."

Mwanzoni nilikuwa nakata simu nimenyong'onyea. Jumamosi iliyopita Lameki alikuwa akicheka kabla sijauliza.

"Mzinga wako umepata mwenyeji."

Nilisimama katikati ya duka, mteja ameshika koleo. "Nyuki?"

"Mjusi. Mkubwa tu, ana kichwa cha bluu. Mama Sesilia anauliza kama tumtoe."

Nilifikiri kidogo. Mteja akaniuliza kama kuna habari mbaya nyumbani, maana machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka.

"Mwambieni akae," nikasema. "Mzinga si wangu."